Nimeokoka, lakini daftari la stoo bado linanidai

Karani wa Kayole

Bwana asifiwe wapendwa. Na wale msioitikia hivyo, habari zenu.

Nina swali ambalo nimelizungusha kichwani tangu mwezi wa pili, nikaona heri niliweke hapa jukwaani ambapo hakuna anayenijua sura.

Kati ya 2016 na 2018 nilikuwa karani wa stoo katika duka moja kubwa la vifaa vya ujenzi huku Industrial Area, Nairobi. Jina sitaji, msinidodose. Kazi yangu ilikuwa kupokea mzigo, kuuandika daftarini, na kuutoa kwa risiti. Mtu akiachwa peke yake na daftari hujifunza mambo. Lori likileta katoni hamsini za misumari, naandika arobaini na tisa. Bati la geji 30 likikunjika kona kidogo tu, naandika "limeharibika". Kulikuwa na fundi mmoja wa Kariobangi aliyepita jioni na mkokoteni, tunaelewana bei, nami narudi nyumbani na unga, nyama robo, na mia tano ya akiba. Sikuwahi kugusa kitu kikubwa. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia kwenye matatu ya Jogoo Road. Hasara ilishtukiwa mara moja tu, 2017, taniboi mmoja (msaidizi wa lori) akafutwa kazi, mambo yakatulia. Mwaka uliofuata nilipata kazi kwingine nikaaga vizuri, wakaninunulia soda.

2023 niliokoka. Haikuwa krusedi wala maono. Niliingia ibada ya saa ya chakula katikati ya mji kukwepa mvua, nikatoka mtu mwingine. Siwezi kueleza zaidi ya hapo, ila mke wangu anaweza, maana ndiye aliyeona tofauti.

Sasa shida. Mwaka huu nilifungua sanduku la zamani nikakuta kijitabu nilichokuwa nikiandikia mauzo yangu ya pembeni (ndiyo, mwizi mwenye kumbukumbu safi za hesabu, chekeni tu). Nikajumlisha. Shilingi 84,000, toa au ongeza kidogo.

Nilimwendea pasta wangu. Akaniambia, "Ndugu, damu imefuta. Ukienda kumlipa yule mtu unamwambia Yesu kwamba msalaba haukutosha." Nilirudi nyumbani nikalala vizuri siku tatu. Usingizi ukapotea tena, nikamrudia. Safari hii akasema, kama hizo pesa zinanichoma, nizilete madhabahuni kama mbegu, yaani sadaka ya kupandwa ili nivune baraka. Hapo kitu ndani yangu kikakataa, lakini sikuweza kusema ni nini.

Likizo ya Aprili nikaenda Murang'a kwa shosho, yaani nyanya yangu. Shosho ni wa wale wa Uamsho wa zamani wa makanisa yetu, wale ambao Kikuyu huwaita ahonoki, waliookoka. Hajui theolojia, anajua kuungama. Nilimweleza yote akiwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Akasema, "Ulikula cha mtu. Kirudishe." Nikamwambia habari ya damu kufuta. Akasema, "Damu ndiyo itakupa miguu ya kwenda."

Swali langu ni hili. Kama wokovu ni kwa neema, hii elfu themanini na nne ni kitu gani? Ni sharti, ni tunda, au ni deni la kawaida tu lisilohusiana na mbinguni? Nikilipa, nitakuwa najaribu kununua nilichopewa bure? Na nisipolipa, hiki nilicho nacho ni imani au ni hisia za siku ya mvua?

HuruKweli, Zimmerman

Ndugu, pasta wako alisema kweli mara ya kwanza, akaharibu mara ya pili. Ya mbegu tuyaache, hiyo ni biashara. Lakini ya kwanza ishike. Warumi 8:1, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Haikuandikwa "isipokuwa makarani wa stoo".

Mwizi aliyesulubiwa kando ya Yesu alirudisha nini? Hakubatizwa, hakutoa zaka, hakumtafuta aliyemwibia. Aliomba akumbukwe, akaambiwa leo hii. Kwisha. Ukianza kuongeza kitu juu ya neema, hata shilingi moja, si neema tena. Lala.

Mama Duka, Umoja

Mimi si mtu wa aya nyingi, nina duka la jumla dogo hapa Umoja, unga, sukari, mafuta, sabuni. Nitasema kutoka upande wa kaunta.

Kuna kijana aliyeuza dukani kwangu miaka miwili. Mtoto wa jirani, namchukulia kama wangu, chai anakunywa na wanangu. Kidogo kidogo nikaona mtaji unapungua. Nikadhani ni biashara mbaya. Nikakopa kwa chama kujaza rafu, nikalipa riba, nikagombana na mzee wangu nyumbani kwa sababu alidhani nampelekea mama yangu pesa. Baadaye kijana akaacha kazi, akaokoka. Nilifurahi, msinielewe vibaya.

Jumapili moja akapewa dakika tano za ushuhuda. Akasimama na kipaza sauti, akalia, akasema alikuwa mwizi, alimwibia mwajiri wake, lakini Mungu amemsamehe yote. Kanisa zima likapiga makofi na vigelegele. Mimi nilikuwa benchi ya tatu. Nilikaa pale nikisikia Mungu amesamehe pesa zangu.

Ibada ilipoisha alinisalimia kwa mkono, "Bwana asifiwe mama," akapita.

Simdai. Nilishamsamehe, nilijilazimisha, ilichukua muda. Lakini mpaka leo akipanda madhabahuni kuimba huwa natafuta kitu cha kusoma kwenye mkoba. Kwa hiyo ukiniuliza hizo 84,000 ni kitu gani, nitakwambia: kuna mtu mahali fulani ambaye aligombana na mke wake kwa sababu ya misumari yako.

Nje ya Korti

Niseme moja halafu niondoke, maana dini si fani yangu. Kuiba mali ya mwajiri ni kosa lenye kifungu chake kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 281, na kifungo chake hufika miaka saba. Siyasemi haya ili usiende. Ila usiende na barua uliyosaini yenye orodha ya katoni na tarehe ukaiacha mezani kwa katibu wa mtu. Ongea kwanza na wakili. Au tuma mtu mzima anayeheshimika akapime hewa. Toba haikatazi akili.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu Karani, nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, kwa hiyo utanisamehe nikianza na maneno. Ndicho chombo ninachojua kukishika.

Neema. Kabla haijaingia kanisani neno hili lilikuwa shambani. Mzee akisema "mwaka huu ni wa neema" ana maana mvua imenyesha na ghala limejaa. Hakuna aliyewahi kuilipia mvua. Lakini pia sijaona mkulima aliyesimama mlangoni wakati wa masika akasema, kwa kuwa hii ni ya bure, basi sipandi nisije nikaonekana nailipia. Anapanda. Na akipanda, jembe lake si malipo ya mvua.

Imani. Tazama ndugu zake: amini, mwaminifu, uaminifu, amana. Wote wametoka shina moja la Kiarabu. Amana ni kitu cha mtu ulichokabidhiwa ukitunze. Ile stoo ilikuwa amana. Na Kigiriki cha Paulo ni hivyo hivyo, neno pistis hubeba kuamini na kuwa mwaminifu kwa mpigo mmoja. Sasa mtu akiniambia imani anayo, uaminifu atasoma muhula ujao, nitamuuliza amewatenganishaje ndugu hao.

Kutii. Hapa Kiswahili chetu kimewashinda wahubiri wengi. Mtoto akitumwa dukani akaendelea kucheza, mama yake husemaje? "Huyu mtoto hasikii." Masikio yake ni mazima kabisa! Kwetu kusikia na kutii ni jambo moja, ndiyo maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wala hatumpeleki kwa daktari wa masikio. Kigiriki nacho kimejenga neno lake la utii, hupakoe, juu ya kitenzi cha kusikia. Weka hilo kando ya Warumi 10:17, kwamba imani chanzo chake ni kusikia, kisha utazame jinsi Paulo anavyoifungua barua hiyo hiyo (1:5) na kuifunga (16:26) kwa kusema kazi yake ni kuwaleta mataifa kwenye utii wa imani. Si imani halafu, baada ya mafunzo, utii. Aliyesikia kweli ameshaanza kuinuka kitini.

Ndugu HuruKweli ana haki kuogopa neno "sharti". Waefeso 2:8-9 haina mlango wa nyuma: kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Ila watu wengi hufunga Biblia kabla ya aya ya 10. Ningekuwa bado darasani ningeandika ubaoni vipande viwili tu: "si KWA matendo" na "TUTENDE matendo mema". Cha kwanza kinakataa chombo, yaani hukuokolewa kwa kutumia matendo. Cha pili kinataja kusudi, yaani umeumbwa ili utende. Anayechanganya njia na kusudi atafeli sarufi kabla hajafeli theolojia. (Nimewasahihisha wachungaji kwenye jambo hili, na si wote walionishukuru.)

Hata ule ugomvi wa Paulo na Yakobo ambao watu huupenda sana, Paulo akisema mtu huhesabiwa haki kwa imani, Yakobo akisema imani bila matendo imekufa. Wote wawili wanamshika Ibrahimu na aya moja, Mwanzo 15:6. Lakini hesabu sura. Ibrahimu anahesabiwa haki sura ya 15. Anatahiriwa sura ya 17. Anampandisha Isaka mlimani sura ya 22. Paulo katika Warumi 4 anauliza: alihesabiwa haki lini? Kabla ya kutahiriwa, basi si kwa tohara. Yakobo anamtazama yule yule mlimani na kuuliza: imani ile ilikamilikaje? Mmoja anawajibu wanaotaka kununua, mwingine anawajibu wanaotaka kudai wanacho bila kukionyesha. Wewe, Karani, unavyoandika, una hofu ya wa kwanza, lakini ugonjwa wako uko karibu zaidi na wa pili. Nasema kwa upendo.

Sasa kwa kesi yako nitaacha Zakayo, yule mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha alichodhulumu, maana najua kila mtu atamtaja, nikupeleke kwenye barua fupi kuliko zote za Paulo, Filemoni. Sura moja, utaimaliza kabla matatu haijajaza abiria. Onesimo ni mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake, na yaelekea alimtia hasara. Akakutana na Paulo kifungoni, akaamini. Paulo anampenda, angetaka abaki naye. Angeweza kumwambia, "Damu imefuta, kaa hapa." Badala yake anamrudisha kwa Filemoni, na barua mkononi. Na kwenye barua anasema kama anadaiwa kitu, kiandikwe juu yangu, mimi nitalipa.

Soma hapo polepole. Deni limebebwa na mwingine: hiyo ni neema, na Onesimo hakuinunua. Lakini miguu iliyotembea kurudi mpaka mlangoni kwa Filemoni ilikuwa ya Onesimo. Paulo hakuitembea safari ile kwa niaba yake. Shosho wako, ambaye hajui theolojia, ameifupisha Filemoni katika sentensi moja huku akichambua maharagwe.

Katekista, Jogoo Road

Mwalimu amemaliza, mimi nitie chumvi tu. Sisi Wakatoliki jambo hili tunalo kwenye kitubio: padri anakuondolea dhambi, lakini ondoleo halikuruhusu kubaki na kuku wa watu. Aliyeiba arudishe kama anaweza. Si kwamba ndiyo bei ya msamaha. Ni kwamba majuto ya mtu aliyeshikilia kuku hayaaminiki.

Na kuhusu ile mbegu, niseme kitu ambacho Mkatoliki hatarajiwi kukisema. Martin Luther, mtawa Mjerumani aliyeanzisha mageuzi ya Kiprotestanti, alipotoa hoja zake 95 pale Wittenberg mwaka 1517, kilichomchoma ni hicho hicho: watu kutoa pesa kanisani wakadhani wamemalizana na Mungu. Hoja ya kwanza kabisa inasema maisha yote ya muumini yawe toba. Ya 43 inasema afadhali ampaye maskini au amkopeshaye mhitaji kuliko anunuaye rehema, yaani cheti cha kanisa cha kupunguziwa adhabu ya dhambi. Kwa hiyo pasta wako, mtoto wa mageuzi ya Luther, amefika mahali alipoanzia mpinzani wa Luther. Historia ina vichekesho vyake.

Luther huyo huyo mwaka 1522 aliuita Waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, na mwaka ule ule, kwenye dibaji yake ya Warumi, akaandika kwamba imani ni kitu hai chenye shughuli, kisichongoja kuulizwa kama kitende mema, maana kimeshayatenda. Yakobo angempa mkono. Sisi tukamjibu kwa Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wetu, 1547, kwa ukali. Ikachukua mpaka tarehe 31 Oktoba 1999, pale Augsburg, Wakatoliki na Walutheri kutia saini pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yetu, na kwamba neema hiyo hututayarisha na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti wakajiunga 2006. Tofauti bado zipo, sidanganyi mtu. Lakini kwa misumari ya Industrial Area nadhani tumeshakubaliana.

Ukitaka kipimo, Walawi 6 na Hesabu 5 zinasema anayeungama mwenyewe arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano. Kwako ni 84,000 na 16,800. Jumla 100,800. Nimeipiga kwa simu.

HuruKweli, Zimmerman

Hapo ndipo nilikuwa nangoja mfike. Mmeona? Tumeanza na neema, sasa tuko kwenye kikokotoo. Kesho atakumbuka kalamu aliyochukua ofisini. Keshokutwa nauli ambayo makanga alisahau kumdai 2009.

Niwaambie natoka wapi. Nilikulia kanisa ambalo lilikuwa na orodha. Nywele, suruali, redio, harusi ya nani usiende. Mamangu aliungama kila Jumatano. Kila Jumatano, miaka yote. Alikuwa mtu mwema kuliko wote niliowajua. Alipougua, wiki zake za mwisho, alikuwa akiniuliza usiku, "Unadhani nimesahau kitu?" Amekufa akiuliza hivyo. Sasa mkiniambia utii, mimi namsikia mama akiuliza swali lile. Sitampa mtu yeyote mzigo ule. Samahani kama nimepaza sauti.

Mwalimu Mstaafu

Pole sana, mwanangu. Hukupaza sauti. Ningekuwa karibu ningekuja tukanywe chai.

Nakubali sehemu kubwa ya uliyosema, na nitarudisha nyuma jambo moja: nilimwambia Karani kwamba ugonjwa wake ni wa pili. Nilihukumu haraka. Kuna watu ambao ukiwaambia "tii" wanasikia "hujafika bado", na kwao neno la kwanza lazima liwe kwamba wamekwisha kupokelewa. Wafilipi 2:12 inatisha, utimizeni wokovu wenu kwa kutetemeka na kuogopa. Lakini sentensi haijaisha pale. Aya ya 13 inasema ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Mama alipewa aya ya 12 kila Jumatano na hakuna aliyemsomea ya 13. Hiyo ni dhuluma.

Hata hivyo sioni kwamba Karani anatafuta alichosahau. Anakumbuka. Mwizi msalabani mikono yake ilikuwa imefungwa. Hakuwa na pa kwenda. Na kwa pumzi aliyobakiwa nayo alifanya alichoweza, alimkemea mwenzake, akakiri kosa, akamtetea asiye na hatia. Kwa mtu aliye msalabani ule ni utii mwingi.

HuruKweli, Zimmerman

Hiyo ya kumtetea asiye na hatia sikuwahi kuitazama hivyo. Nitaifikiria. Bado sipendi sehemu ya tano.

Mama Duka, Umoja

Nimefunga duka nimekaa nasoma tena swali la Karani kutoka juu. Ninyi wanaume mmepita Roma, Ujerumani, mmerudi, na hakuna aliyesimama mstari wa tatu.

Taniboi.

"Taniboi mmoja akafutwa kazi, mambo yakatulia." Yalitulia kwa nani? Karani, umepiga hesabu ya tajiri mpaka shilingi ya mwisho, na tajiri pengine alishasahau. Pasta anasema dhambi imefutwa. Aliyefutwa ni taniboi. Alikuwa na watoto? Alikuwa analala wapi? Aliandikiwa barua gani, nani alimchukua kazini tena akisikia ameachishwa kwa wizi? Kijitabu chako kina ukurasa wake?

Sikufokei, mwanangu. Ila mtu hushika deni lenye tarakimu kwa sababu lina mwisho.

Karani wa Kayole

Nimekaa kimya siku tisa. Nilisoma ya Mama Duka nikiwa kazini, nikaenda choo nikakaa huko.

Mama, ulinishika. Jina lake nilikuwa nalo muda wote. Nilipoandika "taniboi mmoja" nilijua jina lake, jina la mke wake, na kwamba alipenda chai bila sukari kwa sababu ya meno. Siku ile msimamizi alipomwita, alinitazama mimi, maana daftari lilikuwa langu na neno langu lingemwokoa. Nikatazama daftari.

Nilianza kumtafuta. Namba yake ya zamani haipatikani. Nikaenda Mukuru kwa Njenga alikokuwa akiishi, ploti imevunjwa, imejengwa ghorofa. Mama mmoja wa kuuza samaki akaniambia alihamia Pipeline, halafu akasikia yuko Muthurwa anabeba mizigo sokoni. Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikashuka Muthurwa saa kumi na moja alfajiri, wakati malori ya viazi yanashusha. Nikauliza kwa jina. Nikaonyeshwa.

Amezeeka. Ni mdogo wangu kwa miaka minne. Alinitambua kabla sijasema kitu, akanisalimia vizuri, akadhani nimekuja kununua. Nikamwambia tukae tunywe chai. Akasema ana gunia tatu za kumaliza, nimsubiri. Nikamsubiri. Niliomba pale nimesimama kando ya viazi, na sikuomba nisamehewe, maana hilo nilijua limekwisha, ajabu ni kwamba pale ndipo nilipolijua zaidi. Niliomba tu nisikimbie.

Tulikaa kwa mama wa chai. Nilimweleza yote, katoni, mabati, fundi wa mkokoteni, daftari. Hakunikatiza. Nikatoa bahasha. Wakili niliyeongea naye (asante Nje ya Korti) alisema ya tajiri yangoje kidogo ayapitishe kwa njia yake, kwa hiyo zile 20,000 nilizokuwa nimekusanya nilimletea huyu kwanza. Nikamwambia najua hazifiki popote, nitaleta nyingine kila mwezi.

Aliishika bahasha bila kuifungua. Akaniuliza kama bado naongea na yule msimamizi. Nikasema namba ninayo. Akasema pesa ni sawa, atapokea, kodi imefika. Lakini mwanawe wa kwanza yuko kidato cha pili, na kuna siku shuleni mtoto wa jirani alimwambia babake alifukuzwa kwa wizi. Akasema, "Hii bahasha siwezi kumwonyesha. Wewe unaweza kuja nyumbani?"

Nimeambiwa Jumapili baada ya ibada. Ameniambia kwake wanakula saa nane, nisichelewe.

HuruKweli, Zimmerman

Uko Kayole na yeye Pipeline. Jumapili ninaenda upande huo kwa pikipiki. Ukitaka nikupeleke, sema.